Mtumbwi wa Mbao za Dari

Kemi mwanangu,

Sikuanzii kwa salamu, kwa sababu tumesalimiana asubuhi na kesho tutasalimiana tena kabla ya kwenda stendi. Umetoka kwenda kuaga jumuiya. Najua hutarudi upesi, maana Mama Adventina hawezi kumuaga mtu bila rozari nzima na nyimbo juu yake. Basi nimekunja vitambaa vya watu, nimesogeza mkasi pembeni, na meza ya kukatia imekuwa ya kuandikia. Barua hii nitaiweka chini kabisa ya sanduku lako, chini ya zile sketi za kijivu. Utaikuta tukishaachana.

Sitakuandikia habari za kuamka mapema wala kufua wala kuheshimu wakubwa. Masista watakufundisha hayo kwa namna yao, na wewe tangu utoto hukuhitaji kuambiwa mara mbili. Nataka kukuandikia habari za mtumbwi. Utasema, Mama, mtumbwi naujua, nilikuwepo. Ulikuwepo, ndiyo. Lakini ulikuwa upande wako wa mbao na mimi nilikuwa upande wangu, na yaliyopita upande wangu hukuyaona yote.

Kuna jambo la kesho linalonifanya niandike. Katekista aliniambia kwamba tukifika kule, kabla hawajakupokea, sista mkubwa atanigeukia mimi, siyo wewe, na kuniuliza kama ninakutoa kwa moyo wangu. Ndivyo wanavyomuuliza kila mzazi. Jibu lenyewe ni neno moja. Tangu nilipoambiwa nimelijaribu hapa kwenye cherehani, nikikanyaga pedeli kwa nguvu ili usinisikie, na kila mara linakataa kutoka.

Unajua zile mbao za plaiwudi zilivyofika nyumbani. Baba yako alizinunua kwa ajili ya dari. Alisema amechoka kupaza sauti kila mvua inapopiga mabati, majirani wa Nshambya watadhani tunagombana. Akazisimamisha nyuma ya makochi, akazifunika shuka, akasema fundi atakuja. Fundi hakuja, kwa sababu kila Jumamosi ambayo angemwita fundi, mwenyewe alikuwa ziwani. Mtoto wa Buganguzi, aliyekulia kwenye migomba na kahawa, akaja kulijua ziwa akiwa mtu mzima, akalipenda kama mtu aliyechelewa kuoa. Alikuwa akipanda mtumbwi wa rafiki yake, na wewe akakuchukua ungali mdogo, ingawa watu walimwambia mtoto wa kike na ndoano wapi na wapi. Kila akirudi alisema anataka mtumbwi wake wa mtu mmoja, mwepesi, wa kubeba begani. Kasia moja, alisema, na hakuna wa kubishana naye.

Hili linalofuata hukulijua. Na mimi aliniomba niende naye, siyo mara moja. Alikuwa anasimama pale mlangoni na kopo la chambo, anasema twende, utakaa tu, hutafanya kitu. Nikamwambia nina nguo za watu. Na kweli nilikuwa nazo. Nguo za watu hazijawahi kuisha, Kemi, hata leo ziko hapa kwenye kiti. Alipoanza kuugua akaacha kuniomba, na mimi nikaona afadhali, amenipunguzia usumbufu. Siku hizi nikiwa peke yangu huwa nageuka kutazama pale mlangoni. Hakuna mtu, lakini nageuka.

Sasa habari ya sala zangu. Tangu nikiwa msichana, kanisani wakitaja majina ya vijana wa parokia waliopokea daraja au waliofunga nadhiri, nilikuwa nainamisha kichwa na kumwomba Mungu achague pia katika nyumba yetu. Nilikuwa naomba kama watu wanavyoomba mvua, bila kufikiria itamnyeshea nani. Ulipozaliwa wewe, nikaambiwa sitabeba mimba tena, sikuibadilisha ile sala. Niliendelea kuisali na wewe umekaa pembeni yangu kwenye benchi, unachezea pindo la kitenge changu.

Halafu siku ile, baada ya misa ya kumkumbuka baba yako, ulikuwa kwenye ngazi ya nyuma unaparura sato. Una magamba mpaka kwenye viwiko. Ukasema, bila kuinua macho, "Mama, nataka kwenda kwa masista."

Mungu alinijibu sala yangu nikiwa nimeshika sufuria, na neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Subiri."

"Nisubiri nini?"

Nikatafuta kwa macho ndani ya nyumba kama mtu anayetafuta funguo, nikaona lile shuka nyuma ya makochi. Nikasema tutengeneze kwanza mtumbwi wa baba yako.

Ukasema, "Ukiisha, nitakwenda." Na mimi nikasema, "Ukiisha, utakwenda." Yalikuwa makubaliano ya watu wazima wawili, na ni mmoja tu aliyekuwa amekusudia kuyatimiza.

Lakini ngoja nikwambie ukweli mwingine, maana siyo huzuni tu. Nilifurahi. Uliponionyesha kwenye simu jinsi wenzetu wanavyotengeneza hizo wanazoziita kayaki, wanakata mbao nyembamba kwa umbo, wanatoboa kingo, wanazishona kwa waya kisha wanapaka gundi, nilicheka peke yangu. Hiyo ni nguo. Maisha yangu yote nimechukua kitu bapa nikakipa tumbo na kiuno. Nikatoa karatasi zangu za kaki, tukachora. Tukakata wa mfano kwa katoni ya biskuti, tukauweka uelee kwenye beseni na bobini zangu ndani badala ya mtu. Wa kwanza ukalala ubavu. Nikasema kiuno kimebana mno, tukiachie. Wa pili ukakaa, lakini ulizunguka kama kuku mwenye kizunguzungu, ukasema tuuongeze urefu. Tulibishana juu ya beseni mpaka ndizi zikaungua, nasi tukazila hivyo hivyo.

Unakumbuka kosa langu la kwanza. Nilipohamisha karatasi kwenye mbao niliacha nafasi ya mshono kuzunguka pande zote, kama ninavyoacha kwenye kitambaa. Mkono ulifanya wenyewe. Tulipozileta pande pamoja zikapandana, mtumbwi ukawa na midomo kama bata. Ubao haukunjiki kwa ndani, Kemi, unakutana ukingo kwa ukingo. Ulikaa chini kwenye vumbi la msumeno ukacheka mpaka ukashika mbavu. Nilikuwa sijakusikia ukicheka hivyo tangu baba yako alipolazwa hospitali. Tukapunguza kwa randa, asubuhi na jioni, na sikujali kabisa kwamba kazi inachelewa. Labda hapo ndipo nilipoonja utamu wa kuchelewa.

Waya tuliutoa kwenye ile pampu ya maji iliyoungua. Wewe unapitisha, mimi nasokota kwa koleo. Faiba na gundi yake tukapata kwa wale vijana wanaotengeneza bampa za magari, na vumbi la mbao tukalichanganya na gundi kujaza mishono. Watu walipita uani kutazama. Yule kijana wa bodaboda wa jirani kila asubuhi aliuliza, "Mama Kemi, hilo gauni la nani?" Nikamwambia la mama yake, aje kulipima. Siku tulipoufunga juu na kubaki tundu la kukalia, mzee mmoja wa njia alisimama kwenye uzio, akavua kofia, akasema poleni sana, nani amefariki. Tulicheka, lakini wewe uliingia ndani upesi, na mimi nilijua umemkumbuka nani.

Kisha likaja lile la maji.

Ulikuwa umekwenda Muleba kwenye ile semina ya wasichana wanaotaka utawa. Bibi yako alikuwa ameshuka kutoka Buganguzi kutusalimia. Akauzunguka mtumbwi, akaugonga kwa kidole, akasema kwao lile gogo lililochongwa la kukamulia ndizi za pombe ya rubisi, kabla halijatiwa ndizi, hujazwa maji na kuachwa mpaka kesho yake, ili mbao inywe, ivimbe, na nyufa zijifunge zenyewe. Ni kweli. Nimeolewa katika nyumba ile, nimelijaza maji gogo lile kwa mikono yangu, na halikuvuja. Akasema, "Jaza maji, waitu mwanangu, tuone kama mmeshona au mmecheza."

Nikachota. Ndoo baada ya ndoo, nikamimina kupitia lile tundu. Nje tulikuwa tumeshapaka faiba, ndani mbao zilikuwa bado tupu. Bibi yako akaenda kulala. Asubuhi sakafu ya mtumbwi ilikuwa imevimba kama andazi, na mbao zilikuwa zinaachana tabaka kwa tabaka, unaweza kuzibandua kwa kucha.

Uliporudi hukulia. Uliweka mkoba chini, ukauzunguka, unagusa hapa, unagusa pale. Kisha ukaniuliza, kwa sauti ya chini ili bibi asisikie, "Mama, ulijua?"

Nikasema, "Bibi yako ndiye aliyesema."

Uliinamisha kichwa, ukaenda kuchemsha chai. Hukuuliza tena. Nilipeleka jambo hilo kitubioni, na padri akaniuliza swali lile lile. Nikamwambia, Padri, nilipoinua ndoo ya kwanza nilikumbuka kona ya ubao mmoja nyuma ya makochi, pale bati linapovuja. Ile kona ilikuwa imebanduka, na mwanangu aliikata mbele yangu, akasema plaiwudi haitaki maji. Nilikumbuka. Halafu nikaendelea kuchota. Sijui kama huko ni kujua. Padri akanipa malipizi, na alipomaliza aliniambia niende kwa amani. Nimekwenda. Amani ndiyo iliyochelewa njiani.

Ninakuandikia hili siyo ili unisamehe. Nadhani ulishanisamehe ukiwa unachemsha chai, na hicho ndicho kilichonitesa. Ninakuandikia kwa sababu kule uendako utaishi na wanawake wengi, na wengine watakupenda. Mtu anaweza kukuharibia jambo lako huku anakuombea. Mimi nilikuwa na rozari shingoni wakati nachota. Ukimkuta wa namna hiyo, usimwogope sana. Na siku ukijikuta wewe mwenyewe umeshika ndoo, basi ukumbuke mimi.

Ungeweza kwenda. Makubaliano niliyavunja mimi, hakuna ambaye angekulaumu. Badala yake asubuhi moja nilisikia makochi yanasogezwa. Ulikuwa unatoa mbao zilizobaki, zile za dari ya vyumba vya kulala. Ukasema, "Mama, naomba zile karatasi za kukatia." Basi. Nilikuwa nimezitunza kwenye mfuko wa nailoni chini ya kitanda, kama ninavyotunza vipimo vya mteja ninayetaka arudi.

Mtumbwi wa pili tuliushona kimya kimya. Sikuchelewesha tena, nadhani uliliona hilo. Nilikuwa nikisokota waya na kujiambia kila fundo linaisogeza siku ya wewe kuniacha, na bado nikikaza, kwa sababu nilikuwa nimeona sura yako siku ile na sikutaka kuiona tena. Ndani tukapaka gundi mara mbili. Ulikuwa umepiga magoti kwenye vumbi, kitambaa kichwani, unaimba kwa sauti ya pua zile nyimbo za masista. Nikawa natazama mgongo wako. Nilielewa kwamba mtu niliyekuwa namzuia alishaondoka zamani, na aliyebaki nyumbani alikuwa amebaki kwa hisani yake.

Ulipokata tundu la kukalia nikaona mara moja limekuwa kubwa. Jicho la fundi halihitaji futi. Nikakwambia, "Umekosea hapo. Utachezacheza humo kama bobini kwenye kopo."

"Sijakosea, Mama."

Ukaendelea kupiga msasa. Nikadhani ni kiburi, nikakasirika kidogo, nikasema moyoni afadhali masista wamchukue wamnyooshe.

Bibi yako alipopata habari kwamba tarehe imepangwa alinipigia simu. Hakusalimia. Alisema, "Unampeleka nani? Una mwingine?" Nikamwambia sina. Akasema basi nyumba ya mwanawe imeishia hapo, na akakata. Baada ya siku kadhaa akatuma kahawa ya kutafuna, ile iliyopikwa na majani yake, imefungwa kwenye jani kavu la mgomba kwa mikono yake, na mtu aliyeileta akasema nikwambie hajakasirika. Amekasirika, Kemi. Lakini kahawa ameifunga vizuri kama ya mgeni wa heshima. Nimeiweka kwenye sanduku upande wa kushoto, ile harufu utakayoisikia ni yake.

Siku ya kuushusha mtumbwi, kijana wa bodaboda alituletea guta la mizigo la rafiki yake, tukaufunga kwa kamba za kuanikia nguo. Njia nzima mpaka ufukweni watu walikuwa na la kusema. Mmoja akauliza kama ni gari la masista. Nilikuwa nimevaa kitenge kizuri kwa sababu nilijua nitasimama ufukweni na kukutazama ukienda upande wa kisiwa cha Musira, kama nilivyokuwa nakutazama na baba yako, na nilikuwa nimeshajiandaa kulia.

Ukauvuta mpaka maji ya magoti. Ukaushika, ukageuka. "Ingia, Mama."

"Mimi?"

"Wewe. Keti."

Nikaketi, kitenge na vyote. Na lile tundu, Kemi, likanipokea. Halikubana, halikulegea. Nyonga zangu hizi ambazo hakuna kiti cha basi kinachozitosha zilikaa kama ndani ya sketi niliyojishonea mwenyewe. Ule ubao wa kukanyagia ulikuwa pale hasa miguu yangu mifupi inapofika. Nilishika kingo. Nikakuuliza ulinipima lini.

Ukasema, "Niliipima sketi yako kwenye kamba."

Sikukwambia wakati ule, nakwambia sasa. Niliyewapima watu wote wa mtaa huu, sijawahi kupimwa na mtu. Nguo zangu huzikata kwa kukisia, kwa mabaki. Na mwanangu aliyekuwa anaondoka alikuwa amesimama uani, kwenye kamba ya nguo, na futi mkononi, ili baba yake apate jibu la yale maombi yake ya mlangoni. Ulijuaje? Labda hukujua. Labda ulitaka tu nisibaki na cherehani peke yake.

Siku zilizofuata ulinifundisha. Uliniangusha majini kwa makusudi ili nijue kutoka, nikanywa maji, wavuvi waliokuwa wanashona nyavu wakaniuliza kama ziwa limepungua. Ulinifundisha kuvaa boya kifuani, kuzamisha upande mmoja wa kasia kisha wa pili, kutokwenda mchana upepo unapoanza kuchafua maji. Nilivua sato mmoja mdogo, ukasema tumrudishe, nikakataa, tukamla. Na ulinikataza jambo moja kuliko yote. Ulisema, "Usivuke pale ambapo kasia haligusi mchanga." Ukanirudisha, ukanifanya niligusishe, hapa, na hapa, na hapa, mpaka pale liliposhuka bila kukuta kitu, na mkono wangu ukashtuka.

Mtumbwi sasa uko sebuleni, nyuma ya makochi, mahali zilipokuwa mbao. Nyumba haitapata dari. Mvua ikinyesha nitakuwa siwezi kusikia kitu, lakini hakutakuwa na mtu wa kunisemesha, kwa hiyo si neno. Nisamehe, sikukusudia kuandika hivyo. Nimeandika na sitayafuta, kwa sababu nilikuahidi moyoni kuwa barua hii haitakudanganya. Nitaumia. Usijaribu kunituliza kwa barua ndefu. Ukiruhusiwa kuandika, niambie tu kama kuna maji karibu na kama wanawapa samaki.

Nasikia sauti zenu zinapanda njia, Mama Adventina anakusindikiza huku anaimba. Nitamalizia hapa kabla hujafungua mlango.

Kesho sista ataniuliza. Nimejaribu tena sasa hivi, bila cherehani, na neno limetoka. Sauti ilikuwa mbaya lakini limetoka. Nitakutoa, Kemi. Nitalisema nikikutazama wewe na siyo yeye. Halafu nitarudi Bukoba na basi la mchana, nitavaa ile sketi uliyoipima, na yule kijana atanisaidia kubeba. Saa za jioni, ziwa likitulia, nyinyi mtakuwa mnaingia kanisani kwa masifu. Usiniwazie nikiwa nimekaa kwenye cherehani. Nitakuwa majini, mahali kasia linapogusa mchanga, naligusisha, hapa, na hapa.

Mama yako